Haki Hudaiwa kwa Wakati, kwa Maandishi na mbele ya Mashahidi

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Ukiisoma habari hiyo juu juu utadhani kesho yake watumwa wote waliamka wakiwa huru. Haikuwa hivyo. Amri ilisema mahakama hazitatambua tena madai ya mtu kummiliki mwenzake, lakini mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Akishaupata, alitakiwa kuonyesha kwamba ana makazi na ana njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya utaratibu huo, na wao walisubiri mpaka 1909. Waliokaa mbali na mahakama, waliokuwa hawana habari, na waliohofia kufukuzwa kwenye shamba walilolima na kulala, walibaki pale pale.

Natanguliza historia hiyo kwa sababu jambo inalolifundisha halijabadilika. Sheria nzuri haimfikii mtu aliyenyamaza. Haki iliyoandikwa huanza kufanya kazi pale mwenye nayo anapoitaja, anapoitaja kwa wakati, anapoiweka kwenye karatasi, na anapokuwa na watu wa kuthibitisha kwamba aliitaja. Makala hii ni ya kukusaidia kufanya hivyo, hasa wewe msomaji wa Tanzania ambaye huna wakili wa familia na hujui uanzie wapi siku mambo yanapoharibika.

Tulikotoka

Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Nchi 48 ziliunga mkono, 8 hazikuegemea upande wowote, na hakuna iliyopinga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeonyesha kwamba serikali inaweza kuangamiza mamilioni ya watu huku ikifuata sheria ilizojitungia yenyewe. Ndiyo maana Tangazo likaweka kipimo kilicho juu ya sheria ya nchi yoyote: binadamu ana haki kwa kuwa ni binadamu, si kwa kuwa mtawala amependa.

Tanganyika haikuwa na sauti katika kura hiyo. Ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Hata hivyo, watu wake hawakukawia kulitumia jukwaa hilo. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Waliandika malalamiko yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza yaliyowapata. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata kura za kutosha. Lakini tangu hapo mkoloni alijua kwamba anachokifanya mlimani Meru kinaweza kusomwa kwa sauti mbele ya mataifa, na madai ya Wameru yakawa sehemu ya siasa iliyozaa uhuru.

Uhuru ulipokuja, Katiba ya 1961 haikuwa na sura ya haki za binadamu. Viongozi wa TANU waliikataa. Waliona itawapa majaji, ambao wengi wao walikuwa wageni, uwezo wa kuizuia serikali isitekeleze mipango ya maendeleo. Katiba ya Muda ya 1965 nayo ikaziweka haki kwenye utangulizi tu, mahali ambapo mahakama haiwezi kuzitumia kumtetea mtu. Iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kupokea malalamiko ya wananchi, lakini uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa Rais.

Mambo yaligeuka mwaka 1984. Baada ya mjadala wa kitaifa kuhusu katiba, Bunge lilipitisha marekebisho ya tano na kuingiza sura ya haki na wajibu katika Katiba ya 1977, kuanzia ibara ya 12 hadi ya 30. Zanzibar nayo iliweka haki hizo katika Katiba yake ya 1984. Kwa upande wa Muungano, serikali iliomba miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla wananchi hawajaruhusiwa kwenda mahakamani. Muda huo uliisha Machi 1988. Sheria nyingi hazikuwa zimeguswa. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyotoa taarifa yake mwaka 1992, iliorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa.

Mwanamke wa Kashasha

Miezi mitano tu baada ya mlango huo kufunguliwa, mama mmoja wa Muleba, mkoani Kagera, aliupitia. Bi Holaria Pastory alikuwa amerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Umri ulikuwa umekwenda na hakuwa na mtu wa kumtunza, kwa hiyo tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Siku iliyofuata tu, jamaa yake wa kiume, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Hoja yake ilikuwa fupi: kwa mila ya Kihaya, mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hana uwezo wa kuliuza.

Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia jamaa huyo, ikabatilisha mauzo na kumwamuru Bi Holaria arudishe fedha. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Yeye alikata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda. Jamaa naye akapanda Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria husoma hadi leo. Alisema Katiba imekataza ubaguzi, na Tanzania imeridhia mikataba ya kimataifa inayokataza ubaguzi dhidi ya wanawake. Kwa hiyo kanuni ya mila inayompa mwanamume uwezo wa kuuza na kumnyima mwanamke isomwe upya, wote wawili wawe sawa. Mauzo yakathibitishwa.

Litazame jambo hili kwa karibu, kwa kuwa limebeba somo lote. Mama huyu hakuwa kiongozi wala msomi wa sheria. Alikuwa na vitu vitatu. Kwanza, karatasi: wosia wa baba yake. Pili, wakati: alikata rufaa alipopewa uamuzi asioukubali. Tatu, hoja yenye jina: Katiba inakataza ubaguzi. Vitu hivyo vinaweza kupatikana kijijini kwako pia.

Maana yake kwa mtu wa kawaida

Yapo mambo mawili ambayo ni vizuri yakae kichwani kabla hujafika kituo cha polisi au mahakamani.

La kwanza, haki nyingi zina mipaka, lakini mipaka yenyewe ina masharti. Utaambiwa mara nyingi kwamba haki si za kufanya utakalo, na hilo ni kweli. Ibara ya 30 inasema haki za mmoja zisivunje haki za wengine wala maslahi ya umma. Lakini Mahakama ya Rufani ilieleza mapema, katika kesi ya Daudi Pete mwaka 1991 na ya Kukutia Ole Pumbun mwaka 1993, kwamba sheria inayopunguza haki ya msingi haiwezi kuwa ya kuonea, na lazima ipunguze kwa kiasi kinachohitajika tu, si zaidi. Kesi ya Pumbun iliondoa sharti la kuomba kibali cha serikali kabla ya kuishtaki serikali. Basi ukiambiwa haki yako imezuiwa, uliza kwa adabu: imezuiwa na sheria ipi, kwa sababu gani, kwa muda gani? Anayekuzuia kihalali atakuwa na majibu.

La pili, haki hazichagui wa kuzipata. Mtuhumiwa wa wizi anazo. Hasimu wako anazo. Kijana anayekamatwa mtaani na kundi la watu wenye hasira anazo, na anayempiga mawe anavunja sheria ile ile anayodai kuitetea. Ibara ya 13 inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitishwa kuwa na hatia, na inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Ukikubali jirani anyimwe, umejinyima mwenyewe.

Ndugu yako akikamatwa

Hapa ndipo haki za binadamu zinapopimwa kila siku, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Sitaji namba za vifungu vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kwa sababu hupangwa upya sheria inaporekebishwa. Wewe shika maudhui.

Tuseme mdogo wako, dereva wa bodaboda, amechukuliwa jioni kijiweni. Askari anayekamata anatakiwa kumwambia kosa analotuhumiwa, isipokuwa kama amekutwa akilitenda au yeye mwenyewe amezuia kuelezwa kwa kukimbia au kupigana. Hatakiwi kutumia nguvu kupita kiasi kinachohitajika. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayekamatwa: usikimbie, usirushe mkono, usitukane. Uliza kosa lako na unapelekwa kituo gani, kwa sauti wanayoisikia waliopo.

Kama wanaomchukua hawana sare, waombeni vitambulisho. Walio karibu waandike namba ya gari, saa, idadi ya watu na upande walikoelekea. Mmoja apige simu nyumbani papo hapo. Watu watatu walioandika jambo moja usiku ule ule wana uzito mahakamani kuliko mtaa mzima unaokumbuka kwa kubahatisha wiki mbili baadaye.

Nenda kituoni mapema, usiende peke yako, na nenda na daftari. Ukifika kaunta, sema kwa utulivu: "Shikamoo afande. Nimekuja kumwona mdogo wangu aliyeletwa jioni hii. Naomba kujua anatuhumiwa kosa gani, mpelelezi wake ni nani, na lini atafikishwa mahakamani." Andika majibu, jina la aliyekujibu na saa. Ukiambiwa hayupo kituoni hapo, andika hilo pia, kisha uulize kituo kinachofuata. Ukiona unazungushwa, omba kumwona mkuu wa kituo.

Ndani, kuna jambo moja linaloamua kesi nyingi: maelezo ya onyo. Hayo ndiyo maelezo ambayo mtuhumiwa huandikwa na mpelelezi, na yanaweza kusomwa mahakamani dhidi yake. Mwambie ndugu yako mambo haya ukipata nafasi ya kumwona:

Anapaswa kutaja jina na anwani yake, lakini halazimiki kujibu maswali kuhusu kosa lenyewe. Ana haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa kuhojiwa, na anapaswa kuelezwa haki hiyo katika lugha anayoielewa. Muda wa kawaida wa mahojiano ni saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na kuna utaratibu wa kuuongeza. Akimaliza kueleza, asomewe alichoandikwa au asome mwenyewe, arekebishe palipokosewa, ndipo atie saini. Asisaini karatasi tupu. Asisaini asichokisoma. Na kama alipigwa au kutishwa ndipo akasaini, aseme mahakamani pale upande wa mashtaka unapotaka kuyatoa maelezo hayo kama ushahidi, kabla hayajapokelewa. Hapo hakimu atasimamisha kesi na kufanya uchunguzi wa jinsi yalivyopatikana. Akisubiri mpaka wakati wa kujitetea, atakuwa amechelewa.

Akiwa na majeraha, omba fomu ya PF3 ili akatibiwe na daktari ajaze alichokiona. Piga picha za majeraha siku hiyo hiyo. Jeraha hupona, na likishapona bila kuandikwa, limekwenda na ushahidi wake.

Polisi wakitaka kupekua nyumba, uliza hati ya upekuzi. Sheria inaruhusu upekuzi wa dharura bila hati, lakini hiyo si kanuni ya kila siku. Muwe na shahidi asiye wa upande wowote, kwa kawaida mwenyekiti wa mtaa au balozi. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Vitu vikichukuliwa, viorodheshwe kimoja kimoja kwenye hati, watu watie saini, na mwenye nyumba apewe stakabadhi. Simu iandikwe aina na rangi yake, fedha zihesabiwe mbele yenu.

Saa 24 na dhamana

Mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au, ikiwa hilo haliwezekani, aachiwe kwa dhamana ya polisi, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Kwa hiyo saa aliyokamatwa ni taarifa muhimu kuliko hasira yenu yote. Iandikeni.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Kinachohitajika ni mdhamini anayeaminika, mwenye kitambulisho, na mara nyingi barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji. Tayarisha hivyo mapema: mtendaji haonekani ofisini usiku wa manane, na Jumamosi ni ndefu kwa aliye mahabusu. Mtu akikuambia "toa chochote kijana atoke", hiyo ni rushwa, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Mahakama inaweza kuagiza fedha taslimu iwekwe kama sharti la dhamana, lakini fedha hiyo huwekwa kihalali na hutolewa stakabadhi.

Yapo makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kinakiuka Katiba, lakini Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Ndugu akishtakiwa kwa kosa la aina hiyo, msipoteze nguvu kutafuta dhamana isiyokuwepo. Elekezeni nguvu kwenye kumpata wakili, kumtembelea gerezani, na kufuatilia upelelezi usikae bila kukamilika.

Ikiwa siku zinapita, ndugu hajulikani aliko au anashikiliwa bila kupelekwa mahakamani, familia inaweza kuiomba Mahakama Kuu itoe amri ya aliyemshikilia kumfikisha mbele yake na kueleza sababu. Maombi hayo ni ya haraka. Hapo ndipo daftari lenu lenye saa, majina na namba ya gari linapogeuka kuwa kiapo chenye nguvu.

Siku za rufaa

Watu wengi hawashindwi kwa kukosa haki, wanashindwa kwa kuchelewa. Zishike siku hizi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, rufaa ni ndani ya siku 30. Katika kesi ya jinai kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, toa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Ukitaka kuidai serikali fidia kwa shauri la kawaida la madai, sheria inataka uitangulizie notisi ya siku 90.

Siku ya hukumu, kabla hujatoka kwenye jengo, omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi kwa barua, nawe ubaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa. Mahakama ikichelewa kukupa nakala, mhuri huo ndio utakaokutetea. Ukisahau na siku zikapita, bado unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo usione haya kuomba ueleweshwe kinachosemwa kuhusu maisha yako.

Ardhi, ndoa na mirathi

Hukumu ya kesi ya Bi Holaria haikumaliza tatizo. Kanuni za urithi za mila zilizotangazwa 1963 bado zinatajwa katika vikao vya ukoo, na mjane bado anaambiwa afungashe arobaini ikiisha. Lakini sheria za ardhi za 1999 zinasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria hiyo hiyo ya Ndoa iliwahi kufikishwa mahakamani na Rebeca Gyumi kwa kumruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama naye.

Ushauri wangu kwa wanandoa ni wa leo, si wa siku ya msiba. Wekeni majina yote mawili kwenye hati au kwenye mkataba wa mauziano wa kijiji. Tunzeni stakabadhi za mabati, saruji na fundi, na cheti cha ndoa kiwe na nakala kwa mtu mnayemwamini. Mkiwa na wosia, uandikwe vizuri, uwe na mashahidi, na ujulikane ulipo. Msiba ukitokea, kikao cha ukoo kinaweza kupendekeza msimamizi wa mirathi, lakini anayemteua ni mahakama. Mjane na watoto, wakiwemo wa kike, wana haki ya kupinga jina lililopendekezwa. Msimamizi akishateuliwa si mwenye mali. Anatakiwa kuorodhesha mali na kuiarifu mahakama jinsi alivyoigawa. Asipofanya hivyo, warithi waandike barua mahakamani aitwe ajieleze.

Milango ya kugonga

Ukiwa huna fedha ya wakili, anza na wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua, na wapo katika wilaya nyingi. Ulizia kwa ofisa maendeleo ya jamii au mahakamani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa 1995, hutoa ushauri bure. Mtu anayeshtakiwa kwa mauaji hupangiwa wakili kwa gharama ya serikali.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya ofisi na watumishi wa umma bila malipo, kwa barua au kwa kufika mwenyewe. Haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo amua mapema njia utakayoifuata. Barua yako iwe na mambo matano: wewe ni nani, nini kilitokea, lini na wapi, nani alihusika, na unaomba nini. Ukurasa mmoja wenye tarehe sahihi hufanya kazi kuliko kurasa sita za uchungu. Ambatisha nakala, asili ibaki nyumbani.

Juu yake ipo Mahakama Kuu, ambayo ibara ya 30 imeipa kazi ya kusikiliza mashauri ya kukiukwa kwa haki za msingi. Sheria ya utekelezaji wake ni ya 1994. Marekebisho ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, na marekebisho hayo nayo yakapingwa mahakamani. Hapa usiende bila wakili, na aliyeumia awe mstari wa mbele wa shauri.

Nje ya mipaka, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Mwaka 2015, katika shauri la Alex Thomas, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 30, ilisema Tanzania ilimkosea kwa kumhukumu bila kumpa nafasi ya kujitetea alipokuwa mgonjwa na bila msaada wa kisheria. Lakini mwaka 2019 Tanzania ilijitoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda huko moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mlango huo unapaswa kudaiwa ufunguliwe tena, na kulisema hilo ni haki ya kila raia. Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo hapo Arusha, bado inapokea watu binafsi wanaolalamika kwamba nchi mwanachama imevunja Mkataba wa Jumuiya, ikiwemo misingi ya utawala wa sheria. Muda wake ni mfupi: miezi miwili.

Wasomaji wa Kenya wana Katiba ya 2010 inayotaja haki hizi kwa urefu zaidi. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeangukia nje ya saa za kazi. Ibara ya 22 inamruhusu yeyote kushtaki kwa niaba ya mwenziwe asiyeweza, bila ada ya kufungua kesi. Ukipiga ripoti polisi, usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Fanya haya wiki hii

Tafuta nakala ya Katiba, ipo kwa Kiswahili, usome ibara ya 12 hadi ya 30. Ni kurasa chache, jioni moja inatosha. Somea nyumbani kwa sauti, watoto wasikie.

Chagueni katika familia watu wawili wenye vitambulisho vya NIDA watakaokuwa tayari kuwa wadhamini, na kila mmoja ajue namba zao za simu kwa kichwa, kwa sababu anayekamatwa hunyang'anywa simu kwanza.

Wekeni hati, vyeti, wosia na stakabadhi mahali pamoja, na nakala mahali pengine. Jueni jina la msaidizi wa kisheria wa wilaya yenu kabla hamjamhitaji.

Na jirani akikamatwa au akidhulumiwa, nenda ukawe shahidi wake. Kituo cha polisi humjibu vizuri zaidi mtu aliyekuja na watu watano wenye adabu, na mjane hanyang'anywi kwa urahisi shamba ambalo mtaa mzima umesema ni lake mbele ya mtendaji. Serikali ina wajibu wa kulinda haki zetu, na tuidai ifanye hivyo bila woga. Sisi nasi tuna wajibu wa kutoacha mtu yeyote aidai haki yake akiwa peke yake.